Polisi wa kulinda karatasi

Hivi umeshawahi kuona polisi kapangiwa zamu ya kulinda karatasi? Sio hela, sio hati ya kiwanja, karatasi tu ya tangazo iliyobandikwa ukutani. Paris, Krismasi ya mwaka 1940, polisi wa Kifaransa walikuwa na kazi hiyo. Tangazo lenyewe lilikuwa la jeshi la Ujerumani, limeandikwa Kijerumani na Kifaransa, linasema mhandisi mmoja anaitwa Jacques Bonsergent amehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi kwa kumfanyia vurugu mwanajeshi wa Kijerumani, na ameshapigwa risasi. Ilikuwa tarehe 23 Desemba. Kijana wa miaka 28. Mwezi Novemba alikuwa na wenzake usiku maeneo ya stesheni ya Saint-Lazare, wakakutana na askari wa Kijerumani, wakasukumana, wenzake wakakimbia yeye akadakwa, akaulizwa majina ya wenzake akagoma kuyataja. Basi, hilo ndo kosa lote.

Tangazo lilibandikwa ili watu waogope. Watu wakaanza kuyachana. Jeshi likaja juu, likasema atakayechana atahesabiwa mhujumu, ndo hapo polisi wakawekwa kusimama pembeni. Sasa watu wakabadilisha staili, hawachani tena, wanaleta maua wanayaweka chini ya tangazo. Na wewe polisi upo hapo hapo umesimama, utamkamata mtu kwa kosa gani, kubeba ua?

Tukizungumzia vita na uvamizi kuna maelezo tumeyazoea, kwamba mvamizi anashindwa kwa sababu hawajui watu, anakaa na vibaraka wake wanamdanganya kila kitu shwari mpaka siku moto unawaka. Kuna wavamizi wa hivyo, na mmoja nitamfikia. Ila Ufaransa ya 1940 mpaka 1944 mimi nadhani inatuonyesha kitu kingine kabisa. Walijua. Walikuwa na taarifa mpaka zinamwagika, na nyingi zilikuwa sahihi. Shida ni kwamba ugonjwa ulioandikwa kwenye ripoti haukuwa na dawa dukani kwao.

Kwanza tuwekane sawa. Juni 1940 Ufaransa ikasalimu amri, mkataba ukasainiwa tarehe 22, kaskazini na pwani yote ya Atlantiki ikawa chini ya jeshi la Ujerumani, kusini ikabaki na serikali ya mzee Pétain iliyokaa mji wa Vichy, serikali ya Kifaransa lakini inashirikiana na mvamizi (huko kusini nako Wajerumani wakaingia Novemba 1942). Kwa hiyo kulikuwa na wasikilizaji wa aina mbili, Mjerumani na Vichy. Vichy ndo walikuwa kiboko. Walikuwa na idara nzima ya kufungua barua za watu, kusoma telegramu na kusikiliza simu, ikipewa jina la kipole kabisa, udhibiti wa kiufundi. Mwezi Desemba 1943 peke yake barua zilizofunguliwa zilipita milioni 2. Halafu kila mkoa una kiongozi wake, prifekti, ambaye kazi yake mojawapo ni kuandika ripoti ya mara kwa mara kueleza watu wake wanasemaje, wananung'unikia nini, wana imani na nani.

Na walikuta nini kwenye hizo barua? Chakula. Kurasa kwa kurasa ni chakula. Mkate ulianza kwa mgao wa gramu 350 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, mwaka 1941 ukashuka mpaka 275, siagi hamna, makaa ya mawe ya kuotea moto hamna, na wanaume zaidi ya milioni moja na nusu ni mateka Ujerumani kwa hiyo kila mtaa una mke anayesubiri barua. Mjerumani alipewa jina la utani, mdudu wa viazi, yule mdudu mwenye mistari anayekula shamba zima, sababu kila kinacholimwa anakwenda nacho. Propaganda ikisema tunajenga Ulaya mpya, mtu anaangalia sahani. Ripoti za maprifekti ziliyasema haya wazi kabisa, bila kuficha.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho mimi hunikaa sana kichwani. Mwanzoni barua za kawaida kati ya kaskazini na kusini zilipigwa marufuku, ikatolewa kadi maalum ya posta, imeshachapwa maneno, kazi yako ni kujaza majina na kukata yasiyohusika. Mstari unaanza na nafasi tupu halafu "mzima". Nafasi tupu, "amechoka". Nafasi tupu, "amejeruhiwa". "Ameuawa". "Ni mfungwa". "Hajulikani alipo". Yaani mama anakaa mezani na kalamu, anatafuta jina la mwanae aliweke kwenye nafasi ipi. Hiyo ndo fomu ya serikali ya kupima hali ya wananchi, na ukitaka kusema zaidi ya pale kadi hairuhusiwi kwenda. Watu wakajifunza kusema kwa mafumbo humo humo, shangazi anaumwa, mjomba anategemewa, na wewe msomaji wa idara ufungue kamusi.

Watu walijua kabisa barua zinafunguliwa. Kwa hiyo barua ina wasomaji wawili, shangazi na karani, na mwandishi anaandika akiwa na wote kichwani. Ukimsifia Pétain kwenye barua, ni kweli unampenda au unamsalimia karani? Hata hivyo ripoti zilifanikiwa kutenganisha jambo moja gumu, kwamba kwa muda mrefu watu walikuwa wanampenda Pétain yeye mwenyewe, shujaa wa mapigano ya Verdun ya vita ya kwanza ya dunia, babu, huku wanaichukia serikali yake. Mtu anaweza kumheshimu babu na kuwatukana wajomba wote. Sasa babu akafanyaje? Tarehe 12 Agosti 1941 akaingia redioni akasema kutoka mikoa kadhaa ya Ufaransa anasikia upepo mbaya unavuma. Jamani, huo upepo aliusikia wapi kama sio kwenye ripoti? Ripoti zilifika, mzee alielewa, na dawa yake ilikuwa kuongeza nguvu ya polisi na kuzima shughuli za vyama vya siasa. Miezi miwili baadaye ikaja sheria ya kufunga watu mpaka miaka 2 kwa kusikiliza redio zilizoitwa za kuipinga nchi, maana yake London.

Na London ndo kulikuwa na mchezo wa upande wa pili. De Gaulle, jenerali wa Kifaransa aliyekataa kusalimu amri akakimbilia huko, na wenzake wamekaa BBC wanatangaza kila siku, lakini watajuaje kama kuna anayesikiliza? Huwezi kutuma watu wa kuuliza maswali mlango kwa mlango Paris. Barua zilikuwa zinapenya kupitia kusini na nchi zisizo vitani, baadhi zinasomwa hewani, ila barua ni za wale wenye moyo wa kuandika. Wakabuni kitu ambacho mimi nakiita kura bila sanduku. Tarehe 1 Januari 1941 redio ikawaambia Wafaransa, leo mchana kwa saa moja msitoke nje, saa 8 mpaka saa 9 kwa kusini, saa 9 mpaka saa 10 kwa kaskazini. Barabara ikiwa tupu tumehesabiana.

Uzuri wa huu mtego ni kwamba kukaa nyumbani sio kosa, hakuna sheria ya duniani ya kumlazimisha mtu aende kutembea. London wakatangaza mafanikio makubwa. Ila na mimi ngoja niwe mkorofi kidogo, mwaka mpya, baridi ya Januari, hakuna petroli, duka limefungwa, ni nani hasa angekuwa barabarani? Walichagua siku ambayo wasingeweza kushindwa. Mei 11 ya mwaka huo huo wakaja na kipimo kigumu zaidi, siku ya Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wa Wafaransa wa zamani, wakasema tokeni, tembeeni kimya kwa saa moja, na mkipishana muangaliane machoni. Hakuna bango wala wimbo. Hapa mtu anajua yuko na wangapi, na nadhani huo ndo ulikuwa ushindi wenyewe, sio namba kufika London bali wewe wa mtaani kuacha kudhani uko peke yako.

Herufi V nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mbelgiji mmoja wa BBC, Victor de Laveleye, Januari 1941 aliwaambia wenzake wachore V ukutani, ni herufi ya kwanza ya ushindi kwa Kifaransa na ya uhuru kwa Kiholanzi, kwa hiyo Wabelgiji wa lugha zote mbili wanaelewana, na chaki ni rahisi. Ikasambaa mpaka Paris, watu wanakunja tiketi za treni ya chini kwa umbo la V wanazidondosha. Mpaka Julai Mjerumani akaona bora aiibe, akaweka V kubwa kwenye mnara wa Eiffel na maandishi kwamba Ujerumani inashinda kwenye nyanja zote. Hapo utaona mtu anayejua vizuri kabisa watu wanafikiria nini. Usingeiba herufi kama hujui ina nguvu. Na matokeo yake sasa kila V ya Mjerumani inamkumbusha mpita njia V ya chaki.

Nilisema kuna mvamizi asiyejua kitu, nimtaje, na ni Mjerumani huyo huyo ila wa kwetu huku na wa zamani zaidi. Mwaka 1905 kusini mwa Tanganyika kulikuwa na mnong'ono unapita kijiji kwa kijiji, Wamatumbi waliuita njwiywila, unasikiliza kwa siri na unalipia pesa moja, kwamba Ngarambe kuna mtu ana dawa na mwaka huu ni wa vita. Akida yupo, jumbe yupo, boma lipo, na bado Julai watu walipong'oa pamba Nandete serikali ilishtuka kama imemwagiwa maji ya baridi. Vita ya Maji Maji ikaua watu wengi mno, wengi kwa njaa ya makusudi baada ya mashamba kuchomwa. Haya, wamejifunza, sasa masikio yote wazi. Mwaka 1908 inapita Lindi barua inasemekana imetoka Makka, Sheikh Ahmad mlinzi wa kaburi la Mtume ameota, kiyama kiko karibu, tubuni. Serikali ikaona Maji Maji nyingine hii, kamata kamata ikaanza. Barua hiyo wengi wenu mnaijua, bado inazunguka mpaka leo kwenye WhatsApp, nilishatumiwa na shangazi yangu na onyo juu kwamba nikiipuuza nitapata msiba. Mnong'ono wa vita hawakuusikia, barua ya kuhimiza sala wakaisikia kama mzinga. Hao ndo hawakujua watu.

Turudi Ulaya, maana uvumi nao ni silaha na Waingereza waliutengeneza kiwandani, kihalisi. Walikuwa na kamati ya kutunga uvumi, wanaujadili mezani kama wahariri, halafu unapenyezwa kwenye baa za Lisbon na kwa mabaharia. Uliofanikiwa kuliko wote ni wa 1940, kwamba Wajerumani walijaribu kuvuka kuja Uingereza na bahari ikawashwa moto kwa mafuta wakaungua maelfu. Haikutokea. Ila Ubelgiji na Ufaransa ilienea vibaya sana, watu wakipishana na askari wa Kijerumani wanajifanya kuota mikono kama wako mbele ya jiko. Sefton Delmer wa BBC akaingia hewani kwa Kijerumani kuwapa wanajeshi somo la Kiingereza, rudia baada yangu, mimi naungua, wewe unaungua, yeye anaungua.

Sasa hapa ndo mtu wa ujasusi anatakiwa aumize kichwa. Uvumi ulioutunga wewe, baada ya wiki kadhaa unarudi kwako umevaa nguo za ripoti ya siri kutoka kwa mtu wako wa kule. Waingereza walikuwa wanafurahi ukirudi, wanaweka kumbukumbu kama dalili kwamba umefika mbali. Sawa, lakini umepima nini? Umepima mwangwi wa sauti yako. Na wenyewe kwa wenyewe uliwapata, maana pwani ya Suffolk, kijiji cha Shingle Street, kuna watu waliendelea kuamini kwa miaka mingi kabisa kwamba maiti zilizoungua zilielea pale.

Ila tusijidanganye kwamba propaganda ya mvamizi ilikuwa bure tu, sio kweli, na mfano ni Philippe Henriot. Huyu aliwekwa waziri wa habari Januari 1944, muda ambao mtu yeyote mwenye akili anaona Mjerumani anaelekea kushindwa. Anaingia redioni mara mbili kwa siku, na watu wanasikiliza, mpaka wanaosikiliza London wanamsikiliza na yeye, ripoti za Vichy na za upinzani, yaani Wafaransa waliokuwa wanapambana na mvamizi kwa siri, zote zimekiri hilo. Kwa nini? Jamaa alikuwa na sauti na anajua kuongea, lakini zaidi ya hapo alikuwa anachukua kitu cha kweli. Ndege za Marekani na Uingereza zilikuwa zinapiga stesheni na miji ya Ufaransa na raia wanakufa, kwa jumla ya vita ni makumi ya maelfu. London inazungumzia jambo hilo kwa aibu aibu, Henriot analizungumzia kila siku. Mtu ametoka kumzika jirani yake, anawasha redio, nani anamuongelea jirani yake? Uongo mtupu haufiki popote, ila uongo uliofungwa ndani ya msiba wa kweli unafika.

London wakamtafutia saizi yake, mchekeshaji Pierre Dac, jina la nyumbani André Isaac, Myahudi. Mei 1944 Henriot akamshambulia hewani, huyu Myahudi Ufaransa inamhusu nini? Dac akajibu tarehe 11 Mei, na hakuchekesha hata kidogo. Akamuelekeza Henriot aende makaburi ya Montparnasse, akampa mpaka njia ya kupita ndani, atafute kaburi la kaka yake Marcel aliyeuawa vitani 1915 akiwa na miaka 28, limeandikwa kafa kwa ajili ya Ufaransa. Akamwambia hilo ndo linanihusu mimi, na kwako wewe litaandikwa kafa kwa ajili ya Hitler, kapigwa risasi na Wafaransa. Tarehe 28 Juni watu wa upinzani waliovaa kama wanamgambo wa serikali waliingia alipokuwa analala, wizarani kwake, wakamuua.

Na mazishi yake kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, yalijaa watu. Mwezi Aprili mwaka huo huo wa 1944 Pétain alikuja Paris baada ya mabomu, umati ukamshangilia. Agosti 26 de Gaulle akashuka barabara kuu ya Champs-Élysées, umati mkubwa kuliko wote. Miezi minne tu, mji ule ule. Wapo wanaosema Wafaransa ni vinyonga. Mimi naona ni kipimo ndo kibovu, umati wa Aprili ulikuwa unalia waliokufa kwa mabomu na ukamshangilia mzee aliyekuja kuwapa pole, ukiuhesabu kama kura ya kuunga mkono Ujerumani utakuwa umejidanganya vibaya. Kumbuka na mimi nilivyowasema London kuhusu barabara tupu, ndo yale yale. Barabara iliyojaa na barabara tupu zote zinataka uulize swali la pili.

Kuna mara moja ambapo taarifa za maoni ya watu zilibadilisha kitu kweli, na lazima niiseme japo inanivurugia hoja. Julai 1942 polisi wa Kifaransa waliwakamata Wayahudi wa Paris karibu 13,000 ndani ya siku mbili, watoto kwa maelfu, na Agosti wakafuata wa kusini. Hapo watu ambao walikuwa kimya wakashtuka. Askofu Mkuu Saliège wa Toulouse, mzee mgonjwa ambaye hata kuongea alikuwa anaongea kwa tabu, akaandika waraka usomwe makanisani tarehe 23 Agosti kwamba Wayahudi ni binadamu na huwezi kuwafanyia chochote unachotaka. Prifekti akakataza, parokia nyingi zikasoma. Ripoti za mikoa zikamiminika Vichy, watu wamechukia, maaskofu wanaongea. Mwanzoni mwa Septemba Laval, mkuu wa serikali, akawaambia Wajerumani Kanisa limekuwa mzigo, wasimwongezee madai mapya. Mwendo ukapungua. Haukusimama, walioondoka waliondoka na wengi sana hawakurudi, ila ulipungua na kuna watu waliishi kwa sababu hiyo. Laval hakuguswa na huruma, aliguswa kwa sababu bado alikuwa anawahitaji Wafaransa wamkubali. Msikilizaji aliyekuwa na shida na watu alisikia.

Mjerumani hakuwa na hiyo shida, na hapa kuna jenerali Otto von Stülpnagel, mkuu wa jeshi la uvamizi Ufaransa, ambaye wala sio mtu mzuri. Oktoba 1941 afisa wa Kijerumani aliuawa Nantes, Hitler akataka Wafaransa walioshikiliwa kama mateka wapigwe risasi, wakauawa 48 kwa siku moja. Stülpnagel alikuwa anawaandikia Berlin akiwaeleza kwamba kuua mateka kwa wingi kunawageuza Wafaransa wote kuwa maadui na hakuwakamatishi waliofanya. Ripoti sahihi, imeandikwa na bosi mwenyewe, imefika juu kabisa. Berlin wakataka mateka zaidi. Februari 1942 akaandika barua ya kujiuzulu, nafasi yake wakampa binamu yake, na kazi za polisi na kulipiza kisasi zikapelekwa kwa mtu wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, anaitwa Carl Oberg. Julai 1942 Oberg akatoa tangazo, mhujumu akitoroka, ndugu zake wa karibu wa kiume kuanzia miaka 18 watapigwa risasi, mashemeji na binamu wamo, wanawake wa ukoo huo watapelekwa kazi ngumu, na watoto mpaka miaka 17 watawekwa kwenye nyumba za malezi chini ya ulinzi. Likachapwa, likabandikwa ukutani.